Vazi la Wanaume au Vazi la Kiume? Istilahi za Mitindo, Jinsi na Jinsia

1. Utangulizi

Lugha inapoingia katika taaluma mpya hukabiliwa na mojawapo ya matatizo mawili: ama maneno hayapo, ama yapo mengi mno na kila moja linavuta upande wake. Taaluma ya mitindo ya mavazi imo katika tatizo la pili. Mtindo, fasheni, ubunifu, usanifu, ushonaji, urembo, ulimbwende: maneno haya yote yanasikika kila siku, lakini mtu akitaka kuandika tasnifu, mtaala au waraka, anaona kwamba hayajagawanyiwa kazi.

Taaluma yenyewe si ngeni tena katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya ubunifu wa mitindo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha ubunifu na teknolojia ya nguo. Na tangu mwaka 2008 maonyesho ya mitindo yenye jina la Uswahili, yaliyoanzishwa na Mustafa Hassanali, hufanyika Dar es Salaam. Katika nchi nyingine wako wanazuoni ambao maisha yao yote ya kazi wameyatoa kwa jambo moja tu: kuchunguza mavazi ya wanaume, na jinsi nguo zinavyomfundisha mtu kuwa mwanamume mbele ya wenziwe. Je, mwanazuoni wa namna hiyo anaweza kufanya kazi yake kwa Kiswahili? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa sharti moja. Hana budi kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida tunayafunga katika furushi moja: maumbile ya mwili, desturi ya jamii, na kipimo cha nguo.

2. Kwa nini Shinyanga na Geita

Ili tusizungumze hewani, tumechagua mahali. Shinyanga ni nchi ya pamba, ambayo magazeti yetu yamezoea kuiita dhahabu nyeupe. Hapo hapo mkoani, katika eneo la Kahama, kuna dhahabu yenyewe: mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi ulifanya kazi kuanzia mwaka 2009 hadi 2021. Magharibi na kaskazini yake kuna Geita, iliyokuwa na mgodi tangu enzi za ukoloni, ikapata mgodi mkubwa wa sasa mwaka 2000, na kufanywa mkoa mwaka 2012. Katikati ya migodi mikubwa wametapakaa wachimbaji wadogo, kama vile wa Nyarugusu na Rwamgasa, pamoja na maduara yao, makarasha yao na mialo yao.

Basi tuseme yuko kijana aliyezaliwa Kahama, aliyejifunza cherehani kwa mjomba wake, akasoma ubunifu wa nguo, na sasa anataka kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya mavazi ya wanaume katika machimbo ya dhahabu. Anayo malighafi ya kumtosha. Lugha ya vijana yenyewe imemwandalia mlango: nguo nzuri wanaziita "pamba", kana kwamba wanakumbuka kila siku shamba lilikotoka shati, na papo hapo neno hilo linalandana na kitenzi "kupamba". Lakini mara tu anapoandika kichwa cha tasnifu yake anakwama. Aandike "jinsi" au "jinsia"? "Mavazi ya wanaume" au "mavazi ya kiume"? "Uume" au "uanaume"?

3. Jinsi na jinsia

Katika lugha ya kawaida maneno haya mawili hupishana mlangoni bila kugongana. Fomu moja humwuliza mwananchi "jinsi", nyingine "jinsia", naye hujaza "Me" au "Ke" bila wasiwasi. Matumizi ya serikali yamelipa nguvu neno la pili. Tunayo Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia ya mwaka 2000. Tunayo wizara ambayo kwa miaka mingi imekuwa na neno "jinsia" katika jina lake. Na wananchi wengi wanafahamu Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Kabla ya hapo, mwaka 1993, ulianzishwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, ambao ulifanya kazi kubwa ya kulieneza neno hili.

Katika maandishi ya wanaharakati na watafiti umejengeka mgawanyo huu: "jinsi" ni maumbile ya mwili, ya kike au ya kiume, "jinsia" ni mahusiano, majukumu na matarajio ambayo jamii huyajenga juu ya maumbile hayo. Mgawanyo huu tunauunga mkono, ingawa una kasoro yake. Neno "jinsi" lina kazi nyingine kubwa, yaani namna ya kufanya jambo, na msomaji anaweza kuteleza. Kwa sababu hiyo tunamshauri mfasiri aandike "jinsi ya kike" au "jinsi ya kiume" kwa ukamilifu, na pale penye mashaka aseme waziwazi "maumbile ya kijinsi". Neno refu lenye kueleweka ni bora kuliko neno fupi lenye kupotosha.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mfano ulio wazi kuliko maelezo yoyote haukutoka Geita, bali umetoka katika machimbo mengine ya nchi hii, huko Mererani kwenye tanzanaiti. Bibi Pili Hussein, ambaye habari zake amezieleza mwenyewe hadharani, alikuta kwamba wanawake hawaruhusiwi kuingia mashimoni. Akavaa nguo za kiume, akajiita Mjomba Hussein, akachimba pamoja na wanaume kwa muda unaokaribia miaka kumi. Tuitazame kanuni ile kwa jicho la istilahi. Kanuni ilihusu jinsi: mwanamke asishuke. Lakini waliokuwa wakiitekeleza hawakupima jinsi. Walitazama suruali, walisikiliza sauti na maneno, yaani walipima jinsia. Jinsi ya Bibi Pili haikubadilika hata siku moja; kilichovuka ni vazi. Mtafiti anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili hawezi hata kulieleza tukio hili.

4. Kiume, uanaume na uume

Kiswahili hakina mgawanyo wa kike na kiume katika ngeli zake. "Yeye", "amevaa", "mchimbaji", "fundi", "mbunifu" havimtaji mwanamume wala mwanamke. Wengi wetu hujivunia jambo hili, na tuna haki. Hata hivyo sarufi isiyobagua haimzuii msikilizaji kubagua akilini mwake. Ukisema "wachimbaji wamepanda kutoka shimoni", msikilizaji wa Geita atawaona wanaume, ingawa hakuna herufi hata moja iliyomwambia hivyo. Kwa hiyo mwandishi anayetaka wanawake waonekane hana budi kusema "wachimbaji, wanawake kwa wanaume".

Sasa tuje kwenye "kiume". Kiambishi ki- katika maneno kama haya huonyesha namna au mfano: kitoto, kifalme, kizungu. Kiti cha mfalme ni kile anachokalia mfalme. Kiti cha kifalme ni kiti chochote kilichotengenezwa kwa namna hiyo, hata kama anakikalia karani. Vivyo hivyo, "vazi la wanaume" ni lile wanalolivaa wanaume, na "vazi la kiume" ni lile ambalo jamii imelihesabu kuwa ni la namna ya wanaume, awe amelivaa nani. Bibi Pili alivaa vazi la kiume. Halikuwa vazi la mwanamume, maana lilikuwa lake mwenyewe. Lugha yetu inayo tayari tofauti ambayo lugha nyingine huieleza kwa aya nzima. Kazi yetu ni kuitumia kwa makusudi.

Kuhusu nomino, tahadhari ni kubwa zaidi. Neno "uume" limewahi kubeba maana ya ushujaa na hali ya kuwa mwanamume, lakini leo msomaji wa kawaida hulipokea kuwa ni kiungo cha mwili. Mwanafunzi wetu akiandika "Uume katika Machimbo ya Geita", baraza la watahini litacheka kabla ya kusoma. "Ubabe" nao ni sehemu moja tu ya jambo hilo, tena sehemu mbaya. Tunapendekeza "uanaume", na pale mtafiti anapotaka kueleza kwamba jamii moja huwa na njia nyingi za kuwa mwanamume, aseme "namna za uanaume". Katika machimbo namna hizo ni nyingi kweli. Kijana atokaye shimoni na vumbi mwili mzima, mwenye duara avaaye shati lililopigwa pasi, na mzee wa Kisukuma anayewahukumu wote wawili kwa idadi ya ng'ombe wao, wote ni wanaume, lakini uanaume wao si mmoja.

5. Nguo haizaliwi na jinsia

Anayedhani kwamba vazi fulani ni la kiume tangu asili na aulize maneno yenyewe yalikotoka.

"Suruali" imetujia kutoka Uajemi kupitia Kiarabu, na huko vazi hilo lilivaliwa na wanaume na wanawake. Unguja ya karne ya 19 iliwajua wanawake wenye suruali za marinda chini ya kanzu zao. Naam, kanzu, kwa maana neno hilo nalo lilitaja vazi la jinsi zote. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, watu waliokuwa watumwa waliitwaa kanzu na kofia, mavazi waliyokuwa wamenyimwa, kama alama ya uungwana wao. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza jambo hili kwa kirefu. Hapo kanzu haikumfundisha mtu uanaume peke yake, ilimfundisha uhuru.

"Doti" ni mfano mzuri zaidi. Kwa asili ya Kihindi ni kitambaa ambacho mwanamume hujifunga kiunoni. Kiswahili kilikifanya kipimo cha nguo katika biashara ya misafara, pamoja na marekani na kaniki zilizofika hadi Unyamwezi na Usukuma. Leo ukiomba doti moja dukani Shinyanga unapewa jozi ya kanga, vazi la mwanamke.

Na "barakoa" ilikuwa nini? Ilikuwa kifuniko cha uso cha mwanamke katika desturi za Uarabuni na pwani yetu. Ulipozuka ugonjwa wa Uviko mwaka 2020, neno hilo lilivishwa kila mtu, waziri na mkulima, na leo mwanamume anayesaga mawe ya dhahabu hujikinga vumbi kwa barakoa bila kufikiri kwamba amevaa jina la vazi la kike.

Dola nayo imewahi kutia mkono wake. Mwaka 1967 ilianzishwa kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa suruali. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Andrew Ivaska ameichunguza kwa makini. Watu wengi hukumbuka sketi tu, na kusahau kwamba suruali za vijana wa kiume nazo zilishtakiwa. Ilipofika miaka ya 1970 mitaa ilijaa bugaluu na raizoni, huku maofisini suti ya Kaunda ikiwa ndiyo sura ya mwanamume wa utumishi. Kwa hiyo kwa muda usiozidi miaka kumi jambo moja, suruali, lilikuwa amri kwa mmoja na kosa kwa mwingine, kutegemea upana wake.

Wanazuoni wa Ulaya nao wana nadharia zao. J. C. Flügel, mwaka 1930, alidai kwamba tangu mwisho wa karne ya 18 mwanamume aliuacha urembo na kumwachia mwanamke. Huenda ni kweli kwa London. Lakini aliyepata kutazama ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu huko Usukuma, ambako wanaume hujipamba ili wawavute watazamaji upande wao, hawezi kuipokea nadharia hiyo bila kuipima. Ndiyo sababu tunataka mwanafunzi wetu awe na istilahi zake: asije akawatazama Wasukuma kwa miwani iliyokatwa kwa macho ya wengine.

6. Ovaroli ya nani?

Mpaka hapa huenda baadhi ya wasomaji wanasema kwamba haya ni mambo ya wasomi. Twendeni basi kwenye ghala la vifaa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Katika mgodi vifaa hivyo ni ovaroli, buti, kofia ngumu, glavu, miwani, barakoa na koti la kuakisi mwanga. Kwa miaka mingi ulimwengu mzima ulivikata kwa kipimo cha mwili wa kiume, kwa sababu ilidhaniwa kwamba aliye mgodini ni mwanamume. Na hata Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1935 ulikataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Mtazamo huo umeachwa. Mkataba wa mwaka 1995 kuhusu usalama na afya migodini unawahusu wafanyakazi wote, na ule wa 1935 ulifutwa mwaka 2024. Hapa kwetu chama cha wanawake wachimbaji madini, TAWOMA, kipo tangu mwaka 1997. Wanawake wamo katika migodi mikubwa wakiendesha mitambo, na katika machimbo madogo wakiponda mawe, wakiosha mchanga, na wengine wakimiliki leseni.

Sheria imebadilika, lakini je, orodha ya ununuzi imebadilika? Hapa ndipo mfasiri anapoingia. Akikuta katika hati ya kigeni ovaroli inayosemwa kuwa ni ya watu wote, kisha akaandika "ovaroli za wote", mtunza ghala atanunua ovaroli moja kwa ukubwa mbalimbali, zote zikiwa zimekatwa kwa mabega mapana na nyonga nyembamba. Mwanamke atakunja mikono ya nguo, na mkono uliokunjwa hunaswa na mtambo. Atavaa buti linalocheza mguuni, na kwenye ngazi ya shimo buti la namna hiyo ni hatari. Wala hapo hakuna aliyekusudia ubaya. Neno "wote" lilikuwa pana kupita kiasi, likaficha kipimo.

Kwa hiyo tunasisitiza kwamba katika hati za kazi isitoshe kusema vazi ni la nani. Isemwe limekatwa kwa kipimo gani. "Ovaroli za kipimo cha kike na cha kiume, kila moja kwa ukubwa mbalimbali" ni maneno mengi, lakini hayamwachi mtu na buti la mwenziwe.

7. Majina ya wataalamu

Tupite haraka katika majina ya kazi, kwa kuwa yanachanganywa sana magazetini. "Fundi cherehani" au "mshoni" ni yule anayeshona. Ni jina la heshima wala lisidharauliwe. "Mbunifu wa mavazi" ni yule anayebuni umbo la vazi, awe anashona au hashoni. "Mwanamitindo" ni yule anayelivaa vazi mbele ya watazamaji. Si sahihi kumwita hivyo mbunifu. "Mlimbwende" ni mtu apendaye kujipamba, mwanamume au mwanamke, ingawa magazeti yamelihamishia kwa wasichana wa mashindano ya urembo. Kwa mwanamume nadhifu tunalo neno zuri, "mtanashati", ambalo halina kejeli.

Kwa upande wa taaluma, wengine wamependekeza "elimumitindo". Tunaonya kwamba istilahi hiyo imekwisha kutumika katika isimu na fasihi kwa elimu ya mitindo ya lugha. Afadhali kusema "taaluma ya mitindo ya mavazi".

8. Istilahi tunazopendekeza

Tunaziweka mbele ya wasomaji ili zijadiliwe, kabla hazijafikishwa mahali pa usanifishaji:

(a) Jinsi ya kike, jinsi ya kiume: maumbile ya mwili.
(b) Jinsia: mahusiano na matarajio yanayojengwa na jamii juu ya maumbile hayo.
(c) Uanaume, namna za uanaume: hali ya kuwa mwanamume kama jamii inavyoielewa, na tofauti zake.
(d) Mavazi ya wanaume: mavazi yanayovaliwa na wanaume.
(e) Mavazi ya kiume: mavazi yanayohesabiwa kuwa ya namna ya wanaume, avaaye yeyote.
(f) Vazi la jinsi zote: vazi lililobuniwa kwa ajili ya watu wa kike na wa kiume pamoja, si vazi la kiume lililoruhusiwa kuvaliwa na wanawake.
(g) Kipimo cha kike, kipimo cha kiume: mkato wa nguo kufuatana na umbo la mwili.
(h) Taaluma ya mitindo ya mavazi: elimu ya ubunifu, historia na maana ya mavazi katika jamii.

9. Hitimisho

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni mazito na wananchi hawatayapokea. Sisi tunawakumbusha "makinikia". Kabla ya mwaka 2017 ni watu wachache waliolijua neno hilo. Machi mwaka huo Rais Magufuli aliposimamisha usafirishaji wa mchanga wa madini kwenda nje, makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalizungumzwa sokoni na kwenye daladala, na hakuna aliyelalamika kwamba neno ni gumu. Mwananchi hulikataa neno asiloona faida yake. Lile linalomsaidia kudai haki yake hulishika siku hiyo hiyo.

Mwanamke anayeponda mawe huko Nyarugusu hahitaji kujua nadharia ya Flügel. Lakini anahitaji buti linalomtosha, na buti hilo huanzia katika neno lililoandikwa sawasawa kwenye orodha ya mtunza ghala. Na kijana wa Kahama anahitaji kichwa cha tasnifu yake. Tunamshauri aandike: "Mavazi ya Kiume na Namna za Uanaume katika Machimbo ya Dhahabu ya Geita". Watahini watamwelewa, na mjomba wake aliyemfundisha cherehani atamwelewa pia.